Nimealikwa kushiriki utafiti wa afya ya ubongo hapa Kisumu. Niulize nini kabla ya kutia sahihi?

MwalimuWaMigosi (Kisumu)

Wapendwa, hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Migosi. Juzi nikiwa kliniki ninapochukua dawa za presha, binti mmoja wa utafiti alikaa nami kwenye benchi akaniuliza kama ningependa kushiriki. Wanatafuta watu wa miaka hamsini na tano kwenda juu ambao bado wanajiweza na kumbukumbu zao ziko sawa, wawafuatilie kwa miaka kadhaa waone ubongo unavyozeeka. Kuna mahojiano, maswali ya kupima kumbukumbu, presha, sukari, kutolewa damu, halafu baadhi yetu tutapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Fomu nimepewa nije nayo nyumbani nisome na kushauriana na watu wangu. Hilo lilinipendeza, kwamba hakunisukuma nitie sahihi palepale.

Ninayemfikiria katika haya yote ni mama yangu. Ameuza omena soko la Luanda tangu sisi tukiwa wadogo. Darasani hakuingia hata siku moja, lakini hesabu zote alizifanya kichwani: gorogoro ngapi zimetoka, nani amekopa, nani atalipa mwisho wa mwezi. Hakuandika chochote na hakupotea. Kisha wateja wakaanza kutujia sisi watoto wakiwa na pesa mkononi. Mtu ametoa noti ya mia, amerudishiwa mia mbili na omena juu. Mungu awabariki, walikuwa wanarudisha. Leo mama yuko nyumbani Vihiga. Noti zake kazifunga kwenye pindo la leso; anafungua fundo, anazihesabu, anafunga, anafungua tena, mchana kutwa. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Hospitali walisema ni dimenshia na kwamba hakuna dawa ya kuiponya. Kijijini wako wanaosema ni uzee tu, na wako wanaosema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kwa hiyo moyo wangu unataka kushiriki. Lakini kaka yangu kasema damu yetu inauzwa, ni mambo ya mumiani yaliyovaa koti jeupe. Mume wangu yeye anaogopa watakuta kitu kichwani mwangu kisha nikae nacho nikihesabu miaka. Na mimi nina maswali yangu. Wakiona dalili kwamba nitafuata njia ya mama, wataniambia? Je, mama mwenyewe anaweza kuingizwa, na nani atamtilia sahihi wakati fomu haielewi? Halafu binti alinionyesha mfano wa vipimo: chora saa, nakili umbo la kisanduku. Mama hajawahi kushika penseli. Hapo atakuwa anapimwa kumbukumbu au anapimwa shule?

Aliyewahi kushiriki au kufanya kazi hii anisaidie tafadhali.

FundiSection58 (Nakuru)

Mwalimu, pole kwa mama. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nakuru. Nilishiriki utafiti wa ubongo nikiwa kwenye kundi la watu wazima wenye afya, wa kulinganishwa na waliopata kiharusi. Nitaongea habari za MRI kwa sababu ndiyo niliyopitia, mengine wataeleza wenye ujuzi.

Ile mashine si eksirei. Haina mionzi ya namna hiyo. Ni sumaku yenye nguvu za kutisha, na haizimwi jioni watu wakienda nyumbani, iko kazini saa zote. Ndiyo maana maswali ya chuma yanatangulia mengine yote. Waliponiuliza kazi yangu nikasema nachomelea na kusaga chuma kwa grainda, hawakunipangia siku mpaka nilipopigwa eksirei ya macho kwanza. Kipande kidogo cha chuma kinaweza kuingia ndani ya jicho na kukaa miaka bila wewe kusikia kitu, kisha sumaku ikakisogeza na jicho likaharibika. Nimefanya kazi hii tangu ujana na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Macho yangu yalikuwa safi, namshukuru Mungu, na siku hizi kijana akigusa grainda kwangu bila miwani namtoa karakanani.

Wewe waambie ukweli wote: kama una kifaa cha moyo, klipu au vyuma ulivyowekwa ukifanyiwa upasuaji, kitanzi cha uzazi wa mpango, meno ya bandia. Vingi kati ya hivyo havikuzuii, lakini lazima wajue mapema. Pini za nywele acha nyumbani, na nywele za kubandika ziangaliwe kama zina waya.

Ndani unalala chali. Kichwa kinawekwa kwenye fremu ya plastiki yenye kioo kidogo, na kupitia hicho kioo unaona miguu yako na mlango, na hilo linatuliza sana. Unawekewa vizibo vya masikio, maana inagonga kama karakana yangu vijana wakinyoosha bati. Unapewa puto la mpira mkononi; ukilibonyeza wanasimamisha na kukutoa, hakuna wa kukuuliza kwa nini. Kazi yako ni kutulia. Ukitikisa kichwa picha inaharibika na inarudiwa. Kama huwezi nafasi finyu sema kabla, sio aibu, mama mmoja tuliyekuwa naye alikataa picha akaendelea na sehemu nyingine za utafiti.

Jambo la mwisho. Picha ya utafiti sio sawa na picha daktari wako anayokuagizia akitafuta ugonjwa. Uliza nani ataiangalia, na akiona jambo la kutibiwa utapigiwa simu na nani, na ukishapigiwa matibabu ni ya nani. Mimi niliandikiwa kwamba wataniambia na kunipa barua ya kwenda hospitali, lakini gharama za hospitali ni zangu. Heri nilijua. Malipo nayo yalikuwa nauli, chakula na kitu kidogo cha kufidia kazi ya siku ile.

NyarGem (Siaya)

Oyawore mwalimu. Mimi nafanya kazi ya kuwasomea watu fomu za ridhaa vijijini, nimeifanya miaka mingi, kwa Kiluo na kwa Kiswahili. Nitaandika kirefu kwa sababu maswali yako ndiyo ninayotamani kila mtu aniulize.

Damu kwanza. Uliza mililita ngapi. Vipimo vingi vya namna hii huchukua vijiko vichache vya chai, ilhali mtu akienda kuchangia damu hospitalini anatoa kama mililita 450 na anarudi shambani. Kwa hiyo wingi usikutishe. Swali zito ni lile lingine: ikishatoka inaenda wapi? Inapimwa hapa nchini au inasafirishwa? Inawekwa kwa miaka mingapi? Itapimwa jeni, yaani vinasaba unavyorithi kwa wazazi? Kwenye fomu nzuri utakuta visanduku mbalimbali, kimoja cha utafiti huu, kingine cha kuhifadhi damu kwa tafiti za baadaye, kingine cha jeni. Unaweza kukubali cha kwanza ukakataa vingine. Watu wengi hawajui, wanatia alama kote kwa sababu mstari wa chini unangoja sahihi.

Pili, idhini. Hapa Kenya mtafiti lazima awe na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kisumu kuna kamati katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga na nyingine Chuo Kikuu cha Maseno, na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wana yao. Kwenye fomu yako patakuwa na jina la kamati na nambari ya simu ambayo si ya watafiti. Ipigie, mwalimu. Waulize kama wanaufahamu utafiti huo. Iko pale kwa ajili yako. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya yako zinalindwa kwa namna ya pekee: una haki ya kujua wamehifadhi nini na kinatumiwa na nani. Jina lako linatakiwa kutengwa na majibu yako, sampuli inabaki na nambari.

Tatu, kujitoa. Unaweza kuacha siku yoyote bila kueleza sababu, na dawa zako za presha pale kliniki zisiguswe. Kama mtu yeyote atakudokezea kwamba ukiacha utapoteza foleni yako, hilo ni kosa la kuripotiwa kwa kamati ileile.

Sasa hofu ya mume wako. Uliza majibu gani utapewa na yapi hutapewa. Presha na sukari karibu kila utafiti unakupa palepale, na hayo ndiyo ya kufanyia kazi. Jeni ni habari nyingine. Kuna moja inaitwa APOE, aina yake ya e4 huongeza uwezekano wa Alzheimer, ugonjwa unaoongoza kwa kuleta dimenshia, lakini wako wanaoibeba mpaka wanazikwa na akili timamu, na wako wasio nayo wanaougua. Halafu jambo linalonifanya niipende kazi hii: kulikuwa na mradi mkubwa ulioanza mwaka 1992, ukilinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yaliyotoka 2001 yalionyesha kwamba kwa mwaka mmoja dimenshia ilikuwa ikiwapata asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan, na asilimia 3.24 kule Indianapolis. Na ile e4, kwa Wayoruba uzito wake ulionekana mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Wazee wale wasingekubali kukaa na kuhojiwa, vitabu vya udaktari vingeendelea kutueleza sisi kwa mwili wa mtu wa mbali.

Na kwa kaka yako: mwambie aende Asembo au hapa kwetu Gem aulize habari za neti za mbu. Miaka ya tisini watu wa huku walikubali vijiji vyao vigawanywe, vingine vikapewa neti zenye dawa mwanzoni, vingine vikasubiri. Vifo vya watoto wadogo vilipungua, na hata nyumba zisizo na neti zilizokuwa jirani na wenye neti zikanufaika. Neti anayolalia leo ina jasho la watu wa huku.

MkulimaShinyalu (Kakamega)

Mulembe mwalimu. NyarGem ameongea vizuri na sipingi hata neno moja. Lakini niseme upande wetu.

Kwetu walikuja watafiti, sitataja ni wa wapi. Wazee walikusanywa chini ya mwembe karibu na kwa chifu, wakatolewa damu, wakaulizwa wanakula nini, wanalala juu ya nini, wana ng'ombe wangapi, wanakumbuka nini. Walijibu kila kitu kwa heshima. Waliahidiwa kikao cha kurudishiwa majibu. Hakikufanyika. Baba yangu aliendelea kuuliza kila tulipopita pale: "Wale watoto waliochukua damu yangu hawajarudi?" Hakuwa anadai pesa. Alitaka kujua walipata nini ndani yake. Ni mwili wake.

Kwa hiyo mtu akisema mumiani msimcheke. Kule Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani, wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende walifuatiliwa kuanzia 1932 hadi 1972 bila kutibiwa, na penisilini ilikuwa imepatikana tangu miaka ya arobaini. Waliambiwa wana "damu mbaya". Hizi kamati za maadili mnazozisifu zimetokana na machungu kama hayo.

Ushauri wangu ni mmoja. Uliza kikao cha kuleta majibu kitafanyika lini, wapi, na kwa lugha gani. Usikubali jibu la mdomo. Liandikwe.

MwalimuWaMigosi (Kisumu)

Asanteni sana, nimesoma yote na mume wangu nimemsomea kwa sauti. FundiSection58, habari ya jicho imemgusa, maana ndugu yake ni fundi wa magari.

MkulimaShinyalu, maneno ya mzee wako yameniuma. Nimeyaandika nyuma ya fomu kama alivyoyasema.

Nambari ya kamati nimepiga, ikapokelewa, utafiti wanaufahamu. Mratibu naye nimeongea naye. Damu nyingi inabaki nchini, sehemu inapelekwa nje kupimwa protini zinazohusiana na Alzheimer. Jeni ni hiari. Kilichobaki kunisumbua ni mama.

BintiWaKapsoya (Eldoret)

Mwalimu, mimi namtunza mama yangu, naye ana dimenshia, na aliingizwa kwenye utafiti. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ridhaa niliitoa mimi kwa niaba yake, nikiwa mtu wa karibu anayemjua. Lakini haikuishia hapo. Kila walipokuja walimuuliza yeye mwenyewe, kwa Kinandi, kwa sentensi fupi: tukuulize maswali kidogo? Siku moja aligeuza uso ukutani akavuta shuka. Yule kijana alifunga karatasi zake, akanywa chai nasi, akaondoka. Alirudi siku nyingine mama akiwa mchangamfu. Hapo ndipo nilipowaamini. Kama watafiti wako hawana utaratibu wa kuheshimu "hapana" ya mtu asiyeweza kusema "hapana" kwa maneno, usimpeleke mama yako.

Kuhusu shule, umeuliza swali ambalo wataalamu wamelihangaikia. Hapa jirani Tanzania, wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kinachoitwa IDEA kwa ajili ya wazee wasiosoma. Badala ya kuchora, mzee anaonyeshwa njiti za kiberiti zilizopangwa kwa umbo fulani, naye anapewa zake azipange vilevile. Na ule mradi wa Ibadan ulitumia kipimo chenye sehemu mbili: mzee anaulizwa, na mtu anayeishi naye anaulizwa pia. Ameanza kupotea njia? Bado anapika mwenyewe? Pesa anazimudu? Mimi niliulizwa maswali hayo na nililia, kwa sababu hakuna daktari aliyekuwa ameniuliza kabla. Mwombe mratibu akuonyeshe watatumia kipimo gani kwa mtu kama mama.

Kwa mume wako: ripoti ya wataalamu wa jarida la udaktari la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha imo, sukari imo, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, upweke, macho yasiyoona vizuri, masikio yasiyosikia. Kwa hiyo kupimwa na kukutwa na kitu si lazima iwe hukumu. Mengine yana dawa pale pale kliniki.

MwalimuWaMigosi (Kisumu)

BintiWaKapsoya, Mungu akutie nguvu na mama. Uliposema wanauliza mtu anayeishi na mzee, nimewafikiria wale wateja wa Luanda. Wao ndio walioona kwanza, miezi mingi kabla ya daktari, na hakuna aliyewauliza.

Nimerudi kwa mratibu jana na majibu ni haya, nayaandika kwa ajili ya mwingine atakayepita hapa. Utafiti huu hauchukui watu ambao tayari wana dimenshia, kwa hiyo mama hatashiriki na sitamlazimisha popote. Nimeambiwa wazi, na nimeridhika. Mimi nimetia sahihi. Nimekubali damu ihifadhiwe kwa tafiti nyingine za ubongo, na kwa tafiti zisizo za ubongo nimekataa. Jeni nimekubali wapime, ila nimeandika kwamba sitaki kuambiwa majibu yake. Mume wangu na mimi tumelijadili usiku mpaka tukakubaliana. Picha nimekubali. Presha na sukari napewa siku ileile.

Kuhusu kikao cha majibu, kwenye fomu palikuwa na sentensi moja tu, "matokeo yatawasilishwa kwa jamii". Niliuliza lini na wapi. Mratibu alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa kalamu pembeni: kikao kila mwaka hapa Kisumu, kwa Kiswahili na Kiluo, washiriki wajulishwe kwa simu. Ameweka sahihi yake na mimi yangu, na nakala ninayo. Kasema atalipeleka kwenye kamati liingizwe rasmi kwenye fomu za wote. Nitamfuatilia mpaka nilione limechapishwa.

Mume wangu naye ameomba apimwe masikio. Redio yetu wanaisikia majirani.

NyarGem (Siaya)

Mwalimu, hiyo nakala usiipoteze. Piga picha kwa simu pia, umtumie mtoto wako mmoja. Nami Jumatatu nazungumza na wakubwa wangu, fomu zetu zina sentensi hiyohiyo.

MkulimaShinyalu (Kakamega)

Kikao cha kwanza kikipangwa andika tarehe hapa. Kama kiko wazi kwa jamii nitapanda matatu nije nikae nyuma nisikilize.